Ushauri wa haraka: uchaguzi upi wa Marekani unafaa kwa mchezo wa kusikiliza wa "ingekuwaje"? 1960, 1968 au 2000

FundiSauti (Jumatatu, saa 2:40 usiku)

Wakuu, za jioni. Nimeshalipa kianzio cha studio, Jumamosi hii narekodi na pesa hairudi. Ni mchezo wa kusikiliza: uchaguzi wa rais wa Marekani unakwenda kinyume na ulivyokwenda, kisha tunaifuata dunia iliyozaliwa hapo. Nimesoma, nimechuja, nimebaki na chaguzi tatu. Nikilala nachagua huu, nikiamka nachagua ule.

1960, Nixon anambwaga Kennedy. 1968, ama Robert, mdogo wake Kennedy, anaponea ile risasi ya Los Angeles, ama Humphrey anamshinda Nixon. 2000, Gore anaichukua Florida na kumbwaga Bush.

Upi una nyama zaidi? Semeni haraka, kesho naanza kuandika.

Kipanga77 (Jumatatu, saa 2:51 usiku)

Mkuu, umeingia kwa fundi cherehani ukasema "nishonee" halafu ukakaa kimya. Dakika ngapi? Sauti ngapi? Wasikilizaji ni kina nani, wanafunzi au watu wa makamo? Unaishia siku ya matokeo au unataka miaka ishirini mbele? Bila hayo utapata ushauri wa kijiweni tu.

Ila moja nalisema kabla hujajibu: 2000 achana nayo. Nina kidonda. Nikifika nyumbani nitaeleza, hapa nimening'inia mlangoni mwa daladala.

NahodhaWaWete (Jumatatu, saa 3:05 usiku)

Mie nasema 1960, na wala si kwa ushabiki. Kura zilizopigwa nchi nzima zilikaribia milioni 69, na Kennedy akaongoza kwa kura zisizofika 120,000. Hao ni watu wa kujaza Uwanja wa Mkapa mara mbili, basi. Illinois alipita kwa kura 8,858. Na Chicago ilikuwa mkononi mwa meya Daley, ambaye mpaka leo anasemwa kwamba matokeo ya mitaa yake hayakuwa na haraka mpaka ijulikane kinachotakiwa ni kiasi gani. Igeuze Illinois, Nixon ndiye rais. Kisa kimekwisha, shika kalamu.

BibiTarehe (Jumatatu, saa 3:22 usiku)

Nahodha mwanangu, kisa hakijaisha. Kule rais hachaguliwi kwa jumla ya kura za wananchi, bali kwa kura za wajumbe wa majimbo, na kwa kawaida anayeongoza jimbo huzoa wajumbe wake wote. Illinois ilikuwa na kura 27 za wajumbe. Kennedy alipata 303. Toa 27, anabaki na 276, na mwaka ule ushindi ulianzia 269. Rais bado ni yeye. Ili Nixon aingie inabidi umpe na Texas yenye 24, na kule Kennedy aliongoza kwa kura 46,000 na ushee, tena mgombea mwenza wake Johnson ni mtoto wa palepale. Pengo la namna hiyo haliji kwa meya mmoja kukalia funguo za chumba cha kuhesabia.

Iko njia tamu kuliko hiyo. Geuza Illinois pamoja na Missouri. Missouri ilikuwa na wajumbe 13 na tofauti haikufika kura 10,000. Kennedy anashuka hadi 263, Nixon anapanda hadi 259, na zile kura 15 zilizokwenda kwa Byrd, seneta wa Kusini, zinabaki palepale zilipo. Hakuna mwenye 269. Katiba yao inasema basi Baraza la Wawakilishi ndilo linaloamua, na humo kila jimbo lina kura moja, Alaska sawasawa na New York. Wale wakubwa wa Kusini waliokuwa wakiwazuia weusi kupiga kura wanakaa katikati na kuuliza: nani anatupa bei nzuri? Watu elfu tisa na kitu tu kubadili mawazo katika majimbo mawili, na nchi nzima inaingia sokoni.

NahodhaWaWete (Jumatatu, saa 3:26 usiku)

Ahsante Bibi, nimekaa chini. Hesabu yangu ilikuwa ya baraza la kahawa.

MgeniWaTheluji (Jumatatu, saa 3:40 usiku)

Salamu kutoka Minnesota, huku ni mchana. Wote mnakimbilia kwa kina Kennedy kwa sababu ya sura zao. Huku kwetu mtu ni Humphrey. Nilipohamia nilidhani ni jina la kampuni: uwanja wa mpira uliobomolewa 2014 ulikuwa wa jina lake, kituo cha pili cha ndege jina lake, shule ya sera pale chuo kikuu jina lake. Nikamuuliza mzee jirani yangu, akanijibu, "Ndiye rais tuliyemkosa."

1968 haina mpinzani. Rais Johnson anajitoa kugombea 31 Machi. King anauawa 4 Aprili. Robert Kennedy anashinda California, usiku huohuo anapigwa risasi, kesho yake anafariki. Agosti, Chicago, polisi wanawatwanga vijana mbele ya kamera huku Humphrey akiteuliwa na mkutano mkuu wa chama bila kushiriki hata mchujo mmoja, yaani kura za majimbo za kumpata mgombea wa chama. Mgombea wa tatu, Wallace, anaondoka na majimbo matano ya Kusini. Septemba Humphrey yuko hoi, kisha anaanza kulifunga pengo, na mwisho anashindwa kwa chini ya asilimia moja. Wazee wa huku wanasema wiki moja zaidi ingetosha.

Na kuna siri ndani. Johnson alisimamisha mabomu Vietnam ya Kaskazini 31 Oktoba, halafu serikali ya Saigon, yaani Vietnam ya Kusini, ikagoma kwenda kwenye mazungumzo ya Paris. Johnson alikuwa anajua, kwa simu zilizonaswa, kwamba Anna Chennault wa kambi ya Nixon alikuwa akiwaambia Saigon wasubiri, watapata bei nzuri kwa Nixon. Akanyamaza. Ingekuwaje kama angelitangaza lile jambo Jumapili, watu wanapiga kura Jumanne?

BibiTarehe (Jumatatu, saa 3:52 usiku)

Hilo la Chennault nalikubali. La Robert Kennedy kupona ndilo lenye walakini. Watu huandika kana kwamba angepona angekuwa rais moja kwa moja. Wajumbe wa mkutano mkuu wengi walikuwa tayari kwa Humphrey, maana siku zile majimbo mengi hayakufanya mchujo wa wananchi, wakubwa wa chama ndio waliogawa. Ukimponya Robert usiku ule bado una kazi ya kumfikisha Chicago na kumng'oa Humphrey. Hiyo ni hadithi nyingine, na ndefu.

Kipanga77 (Jumatatu, saa 4:15 usiku)

Nimefika, nimekula, sasa nisikilizeni.

Miaka sita iliyopita kikundi chetu kilialikwa kuigiza kwenye chuo kimoja, jina nalihifadhi. Mwandishi mimi. Nikachagua 2000 kwa kujiamini kabisa, kwani kisa kimekuja kimeshaiva: kura 537 kati ya karibu milioni sita za Florida, ndugu yake Bush ndiye gavana wa jimbo lenyewe, Mahakama ya Juu inasimamisha kuhesabu kwa majaji watano dhidi ya wanne tarehe 12 Desemba. Kwenye mchezo wangu jaji mmoja anabadili mawazo usiku wa manane. Nani atasinzia?

Walisinzia. Kwanza ilibidi mhusika mmoja aeleze kwa nini Gore aliyempita mwenzake kwa kura zaidi ya nusu milioni nchi nzima si mshindi. Nilimpa ukurasa mmoja. Jukwaani ukawa dakika kumi na mbili, maana bwana mmoja mstari wa pili alinyoosha mkono akauliza, na mwigizaji wetu kwa adabu zake akamjibu. Akanyoosha mwingine. Mwigizaji akaomba chaki. Wakili wa Bush akasimama pembeni amekunja mikono kama anasubiri basi.

Halafu zikaja kadi. Florida walikuwa wanatoboa kadi kwa kijiti, na kile kipande kisipodondoka basi ni ugomvi. Kuna kilichoning'inia kwa pembe moja, kuna kilichovimba tu bila kutoboka, na hicho Wamarekani wenyewe walikiita chenye mimba. Nami nikatafsiri vilevile. "Mheshimiwa, kadi hii ina mimba." Ukumbi ukapasuka. Jaji wetu akacheka. Kuanzia hapo kila kadi ikiinuliwa kuna mtu nyuma anapaza sauti, "Ya nani?" Mvua ikashuka juu ya bati, jenereta likakohoa likafa, hukumu ya kihistoria ikasomwa kwa tochi ya simu. Mwishoni mwenyeji wetu alisimama akatushukuru kwa vichekesho vizuri.

Mimi nilikuwa nimeandika tanzia. Na posho tulipewa nusu.

MuuguziMstaafu (Jumatatu, saa 4:31 usiku)

Pole Kipanga, nimecheka mpaka mjukuu kaamka. Lakini mimi siitupi 2000, na sababu yangu haijatajwa hapa.

Nilikuwa kazini kabla ya CTC, zile kliniki za dawa za UKIMWI, kuwepo. Tulikuwa tunapima, tunatoa majibu, tunatoa pole, mgonjwa anarudi kwao. Januari 2003 Bush alisimama mbele ya Bunge lao akaomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano kwa ajili ya UKIMWI, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zikawa ndani ya nchi zilizolengwa. Dawa zikafika hadi vituo vya afya ambavyo hata gari lilikuwa linafika kwa kubahatisha.

Sasa kila anayeandika "Gore kashinda" anaandika hakuna vita vya Iraki, hewa safi, watu wanapeana mikono. Nani ataandika habari za mwanamke wa Kilosa kwenye foleni ya dawa mwaka 2005? Labda Gore angefanya hivyohivyo, au zaidi. Labda Bunge lingemkatalia yeye lilichomkubalia Bush, kwa sababu yule alikuwa wa chama chao na wachungaji wao walikuwa wanamsikiliza. Nikisikia mchezo wa hivyo nitazima hata redio ya taarifa ya habari.

MgeniWaTheluji (Jumatatu, saa 4:44 usiku)

Shikamoo mama. Hoja imenikaa. Lakini mizani hiyo ina upande wa pili, Iraki kuna wanawake pia.

MuuguziMstaafu (Jumatatu, saa 4:47 usiku)

Marahaba mwanangu. Ndiyo maana nikasema mchezo, sikusema hukumu.

Mchagua_Kijani (Jumatatu, saa 5:02 usiku)

Mbona hamumtaji Nader, mgombea wa chama cha Kijani? Kura 97,488 Florida, wakati Gore kashindwa kwa 537. Mchezo ni huu: Nader anajitoa wiki moja kabla. Wala huhitaji majaji. Na hata Florida huihitaji, New Hampshire Bush alipita kwa kura 7,211 na Nader alikuwa nazo zaidi ya 22,000. Ilikuwa na wajumbe wanne tu, lakini hao wanne wangetosha kumfikisha Gore 270.

Kipanga77 (Jumatatu, saa 5:09 usiku)

Na Tennessee? Gore kashindwa nyumbani kwao, palipokuwa na wajumbe 11. Mtu aliyekosa kura za waliomlea unamlaumu Nader? Angeshinda kwao, Florida ingekuwa habari ya ukurasa wa ndani.

Mchagua_Kijani (Jumatatu, saa 5:12 usiku)

Naona hujapona kile kidonda.

MwanaKisumu (Jumanne, saa 1:20 asubuhi)

Jameni, nimesoma huu uzi wote nikinywa chai na hakuna hata mmoja amemtaja Mboya. Mnaongea 1960 na Mboya hayuko!

Tom Mboya, mwanasiasa wetu wa Kenya, alikuwa anatafuta pesa za ndege za kuwapeleka wanafunzi wetu vyuo vya Marekani. Kundi la kwanza la 81 lilienda 1959. Mwaka uliofuata wanafunzi wako tayari, nauli hakuna, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imekataa. Julai 1960 Mboya anaenda mpaka nyumbani kwa Kennedy, Hyannis Port, na mfuko wa familia yao unatoa dola 100,000. Kusikia hivyo, upande wa Nixon ukashtuka na ile wizara iliyokataa ikapata pesa ghafla. Yaani wagombea wawili wa urais wanagombania nauli ya watoto wa Kenya! Wangari Maathai alienda na kundi la mwaka huo, hadi Kansas. Na bila Kennedy, baba yake Obama hangefika Hawaii, na Obama hangezaliwa. Ukitaka historia mbadala, ndiyo hiyo.

BibiTarehe (Jumanne, saa 2:05 asubuhi)

Mwanangu, ulianza vizuri sana ukateleza mlangoni. Baba yake Obama alifika Hawaii 1959. Pesa za Kennedy ni za 1960. Obama mwenyewe aliwahi kusema kama unavyosema wewe, alipohutubia Selma 2007, kisha watu wake wakakiri kwamba tarehe hazikubaliani. Nixon akishinda 1960, mtoto bado anazaliwa Honolulu Agosti 1961.

MwanaKisumu (Jumanne, saa 2:11 asubuhi)

Mwalimu, huku kwetu ukisema hivyo barazani utafukuzwa.

BibiTarehe (Jumanne, saa 2:13 asubuhi)

Nimefukuzwa barazani nyingi.

NahodhaWaWete (Jumanne, saa 2:30 asubuhi)

Kwa kuwa mmeitaja Hawaii: huko 1960 ilikuwa kituko peke yake. Kwanza Nixon alitangazwa mshindi, zikahesabiwa upya, Kennedy akaongoza kwa kura 115. Wajumbe watatu tu. Na aliyesimama mbele ya Bunge tarehe 6 Januari 1961 kupokea hesabu ya nchi nzima ni makamu wa rais, yaani Nixon mwenyewe. Mezani ana karatasi za Hawaii za pande zote mbili. Akachukua za Kennedy. Mtu anasoma kushindwa kwake kwa sauti yake mwenyewe. Muache akatae hapo, uone.

FundiSauti (Jumanne, saa 1:50 usiku)

Samahani wakuu, umeme ulikatika tangu asubuhi, simu ikafa. Nimesoma yote, ahsanteni, sasa nimechanganyikiwa zaidi ya jana.

Majibu ya Kipanga: dakika 25. Waigizaji wawili, mimi na shemeji yangu. Yeye hawezi sauti ya kiume, tulijaribu, anatoka kama mtoto mwenye mafua. Msimulizi hakuna, nataka mazungumzo matupu. Wasikilizaji ni watu wa kawaida, wengi wanasikiliza wakipika au wakiwa safarini.

Kipanga77 (Jumanne, saa 1:53 usiku)

HAYA NDIYO YALIKUWA YAWE MSTARI WA KWANZA. Tumemaliza siku nzima tunajadili Baraza la Wawakilishi la majimbo 50 na wewe una watu wawili!

Mchagua_Kijani (Jumanne, saa 1:58 usiku)

Mwenye sauti ya mafua anaweza kuwa jimbo la Missouri.

BibiTarehe (Jumanne, saa 2:34 usiku)

Sasa umenifungulia mlango. Mwanamme mmoja, mwanamke mmoja, mazungumzo matupu. Sikiliza.

19 Oktoba 1960 Martin Luther King anakamatwa Atlanta, ameketi na wanafunzi kwenye mgahawa wa duka kubwa ambako weusi hawahudumiwi. Wenzake wanaachiwa. Yeye jaji wa kaunti ya jirani anamdaka kwa kosa la zamani la leseni ya gari na kumpa miezi minne ya kazi ngumu. Usiku wanamfunga minyororo na kumpeleka gereza la Reidsville, mbali. Mkewe, Coretta, ana mimba ya miezi sita na anaamini mumewe hatarudi mzima.

Tarehe 26 simu inalia nyumbani kwake. Ni Kennedy. Wanaongea dakika chache tu: pole, nimesikia, ukinihitaji nipo. Kesho yake King yuko huru, baada ya Robert Kennedy kumpigia yule jaji. Baba yake King, mchungaji, alikuwa ametangaza kumuunga mkono Nixon kwa sababu hakutaka Mkatoliki. Akageuka mbele ya waumini. Jumapili ya mwisho kabla ya kura vipeperushi vya karatasi ya bluu vyenye habari hiyo vikajaa milangoni mwa makanisa ya weusi. Ukikumbuka 8,858 za Illinois, huwezi kusema simu ile ilikuwa ndogo.

Na Nixon? Ndiye aliyemfahamu King zaidi. Walikutana Accra, Machi 1957, kwenye uhuru wa Ghana, na baadaye wakazungumza tena Washington. Alikuwa na kila sababu ya kupiga. Hakupiga, hakusema hadharani neno lolote.

Mchezo wako: simu inalia, Coretta anainua, na sauti ni ya Nixon. Dakika 25, watu wawili, na hakuna haja ya kumweleza mtu kura za wajumbe ni nini. Unaweza usitaje kabisa nani alishinda.

Kipanga77 (Jumanne, saa 2:40 usiku)

Bibi, hiyo ningeitoa hata bure.

MgeniWaTheluji (Jumanne, saa 2:58 usiku)

Nzuri, lakini simu yangu ina meno zaidi. Anna Chennault, Johnson. Mwanamke na mwanamme vilevile. Johnson anampigia mwenyewe usiku wa tarehe 3 Novemba 1968: "Mama, najua unachofanya." Haikutokea, lakini ingetokea... Huyu mama hakuwa mjumbe tu wa kutumwa. Mzaliwa wa Beijing, mjane wa jenerali aliyekuwa shujaa wa vita vya anga China, karamu zake Washington kila mtu alitaka mwaliko. Coretta anapokea pole, Chennault anapigana. Shemeji atafurahia kuigiza nani?

MuuguziMstaafu (Jumanne, saa 3:10 usiku)

Mwanangu, mke mwenye mimba ambaye mumewe yuko kwenye minyororo, ukadhani anapokea pole tu, basi hujakaa na wanawake wengi usiku. Coretta ndiye mwenye mamlaka kwenye ile simu. Makamu wa rais ndiye anayeomba.

NahodhaWaWete (Jumanne, saa 3:18 usiku)

Mie nina shaka na jambo moja. Hawa ni watu waliokuwa hai, wana watoto na wajukuu. Kumtilia mtu maneno mdomoni ambayo hakuyasema, mjane wa mtu aliyeuawa, je, inafaa? Wa Florida ni kadi na majaji, hawaumii.

Mchagua_Kijani (Jumanne, saa 3:25 usiku)

Ukiogopa hilo, historia mbadala yote ifungwe. Kila "ingekuwaje" ni kumtilia mtu maneno.

NahodhaWaWete (Jumanne, saa 3:29 usiku)

Sijasema ifungwe. Nasema kuna tofauti ya kumsogeza mwanasiasa na kuingia chumbani kwa mke wa mtu. Kama lazima simu, basi Nixon na mkewe Pat, asubuhi ya tarehe 6 Januari, anafunga tai kwenda kusoma kushindwa kwake. Wawili hao maisha yao walishayatoa mbele ya watu wenyewe.

BibiTarehe (Jumanne, saa 3:41 usiku)

Nahodha, hoja yako naiheshimu, na Nixon na tai yake si mbaya hata kidogo. Lakini Coretta naye alikuwa mtu wa hadhara, aliongoza maandamano Memphis siku nne baada ya mumewe kuuawa. Tusimfungie chumbani kwa kisingizio cha heshima.

Roosevelt_wa_Tabora (Jumanne, saa 4:20 usiku)

Nimechelewa. Mbona 1912 haipo? Theodore Roosevelt anapigwa risasi Milwaukee, inapita kwenye kasha la miwani na hotuba ya kurasa hamsini iliyokunjwa mfukoni, inaingia kifuani, naye anapanda jukwaani anahutubia zaidi ya saa nzima akivuja damu. Yeye na rais Taft waligawana kura za chama kimoja, Wilson akapita katikati na wajumbe 435. Hotuba ingekuwa fupi je?

Kipanga77 (Jumanne, saa 4:22 usiku)

Soma uzi kwanza, mkuu. Watu wawili, mmoja mwanamke.

Roosevelt_wa_Tabora (Jumanne, saa 4:24 usiku)

Nesi wa hospitali?

FundiSauti (Jumatano, saa 12:15 asubuhi)

Wakuu sijalala. Nimeandika kurasa nne za Coretta na Nixon, kisha nikafungua ukurasa mwingine nikaandika tatu za Chennault na Johnson. Shemeji kasoma zote akasema Chennault ana maneno mazuri ila Coretta ndiye aliyemfanya asahau uji jikoni, umeungua. Halafu akaniuliza kwa nini tusifanye ile ya kadi yenye mimba. Sijui nani kampa huu uzi.

Bado sijaamua. La Nahodha nalo linanikera kichwani. Kwa sasa swali dogo: zote mbili zinahitaji simu ya zamani ya kuzungusha. Nani ana mlio wake?

NahodhaWaWete (Jumatano, saa 1:02 asubuhi)

Ninayo ya marehemu baba, nyeusi, nzito kama tofali. Ila ipo Wete, na kizungusho kikienda hakirudi.

Mchagua_Kijani (Jumatano, saa 1:10 asubuhi)

Kisiporudi Nixon atakuwa anapiga simu mpaka uchaguzi uishe. Hiyo nayo ni historia mbadala.

MwanaKisumu (Jumatano, saa 1:31 asubuhi)

Mgombea urais anazungusha simu mwenyewe kweli? Si anamwambia msaidizi tu, nitafutie Atlanta. Utahitaji sauti ya tatu.

BibiTarehe (Jumatano, saa 1:44 asubuhi)

Watoto, tuko nyumbani kwa Coretta. Kwake simu inalia, haizungushwi. Unachohitaji ni kengele.

FundiSauti (Jumatano, saa 1:46 asubuhi)

Kengele ninayo, ya baiskeli.